Kabla hujaomba bastola ya kujikinga na wanyama wakali: mambo ya kuzingatia Lindi na Mtwara

Anza na mnyama, silaha ije baadaye. Mrina asali wa Liwale anayeingia misitu iliyo jirani na Selous, mvuvi wa mto Ruvuma na mwenye mikorosho Nanyumbu karibu na Pori la Akiba Lukwika-Lumesule hawakabiliwi na hatari moja. Tembo, nyati na kiboko watoe kabisa kwenye hesabu ya bastola. Kwa wanyama wa aina hiyo wawindaji hutumia raifo kuanzia .375 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi), ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 19 hivi na nguvu ya jouli 5,500 au zaidi. Bastola ya milimita 9, ambayo ndiyo wengi huiwazia kwanza, hurusha gramu 8 kwa jouli 500 tu. Ukimpiga tembo kwa hiyo utamjeruhi na kumkasirisha, na jeraha hilo atalilipiza kwa mtu atakayepita njia ile kesho. Kwa tembo shika umbali, jua upepo unakotoka, beba tochi kali na honi, na ukiona kinyesi kibichi njiani geuza.

Mamba naye hukukamata ukiwa umeinama majini, kabla mkono haujafika kiunoni. Kinachookoa watu pale ni uzio wa miti imara kwenye sehemu ya kuchotea maji. Koboko na kifutu ni shabaha nyembamba mno; vaa buti ndefu, tembea na fimbo.

Wanabaki simba, chui na fisi, na hapa kusini simba si habari ya kale. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, wengi wao katika wilaya za kusini mashariki. Mashambulizi hupanda Machi hadi Mei, mazao yanapokomaa na watu wanalala shambani kufukuza nguruwe pori. Nguruwe ndio wanaomvuta simba, naye akifika anamkuta mtu ndani ya dungu lisilo na ukuta. Saa za mwanzo wa usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu ambapo giza hutangulia mwezi kuchomoza, ndizo mbaya kuliko zote. Kwa mlinzi wa shamba, dungu lililoinuliwa na kuzungushiwa miti lina faida kuliko silaha yoyote, kwa sababu linafanya kazi hata akisinzia.

Ikiwa bado unahitaji silaha, jiulize kama mikono yako huwa huru. Anayetembea bila mzigo mkononi achague shotgani ya geji 12. Risasi yake moja nzima ya gramu 28 ina zaidi ya jouli 3,000, na kuilenga gizani ni rahisi kuliko bastola. Bastola ina maana kwa mtu ambaye kazi imemshika mikono yote: mrina asali juu ya mti, mpima ardhi, anayehesabu mipingo Kilwa. Huyo achague rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya .357 Magnum (gramu 10, jouli 750 hivi) au, kama mkono wake unaimudu, .44 Magnum (gramu 15, jouli 1,100 hadi 1,300). Mtutu usipungue sentimita 10. Mfupi zaidi hupoteza mwendo wa risasi na huongeza mwako unaopofusha macho usiku. Tunapendelea rivolva kwa sababu moja kubwa: simba akishakuangukia, bastola ya magazini ikigandamizwa mwilini mwake sehemu ya juu husukumwa nyuma kidogo na haifyatuki. Rivolva hufyatuka hata hapo.

Chagua risasi yenye kichwa kigumu na ncha bapa. Ile ya ncha yenye tundu hupanuka mapema na inaweza kuishia kwenye msuli wa bega bila kufika moyoni.

Sasa muda. Simba anayeshambulia hukimbia kilomita 50 kwa saa au zaidi, kwa hiyo mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Wengi hushindwa hapa, wala si kwenye ukubwa wa risasi. Mkanda wa begi la mgongoni hufunika ala ya bastola (mfuko wake) iliyo kiunoni; hamishia ala kifuani. Fanya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, ukiwa umevaa nguo na begi la kazini: chomoa, piga risasi mbili ndani ya duara la sentimita 20 kwa umbali wa mita 5, kwa sekunde mbili. Usipoweza kurudia hivyo mara kwa mara, bastola itakupa ujasiri wa uongo tu, na ujasiri huo ndio unaompeleka mtu kichakani peke yake jioni.

Hewa ya pwani ina chumvi, na mwenye mikorosho ana adui wa pili: salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Vumbi lake likichanganyika na jasho hula chuma na kuyafanya maganda ya shaba kuwa meusi. Msimu wa kupuliza, futa silaha kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na risasi zilizopoteza rangi zitumie mazoezini. Usizimwagie mafuta, yakipenya kwenye kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, risasi haitalia.

Leseni hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na maombi huanzia kwa viongozi wa eneo lako na polisi. Uliza mapema idadi ya risasi utakayoruhusiwa, maana mazoezi huzila haraka. Andaa sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti kwenye zege; nyumba ya makuti na sanduku la bati havitoshi. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kuingia na silaha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wala pori la akiba. Huko omba askari wa wanyamapori.

Ukilazimika kufyatua, usimfuate mnyama aliyejeruhiwa vichakani. Ondoa watu eneo hilo, toa taarifa polisi na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya siku hiyo hiyo, na mzoga uuache ulivyo: ngozi, kucha na meno ni nyara za serikali, na kukutwa nazo ni kesi nyingine hata kama ulikuwa unaokoa maisha yako.