Jua kwanza, ndipo dawa ya maji: ninavyopanga asubuhi yangu Pipeline

Naishi Pipeline, Embakasi, Nairobi, orofa ya kwanza. Anayeijua Pipeline ameshaelewa. Kwa asiyeijua: ploti za orofa saba, nane, zimebanana hadi jirani wa ng'ambo akikaanga kitunguu, machozi yananitoka mimi. Kwangu taa huwaka mchana kutwa. Nimeshona nguo humo miaka kumi na mmoja, na ni humo moyo wangu ulipoanza kuchoka.

Daktari alisema moyo unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na mapafuni. Akaniandikia enalaprili, kavediloli, spironolaktoni na furosemidi, ile tunayoiita Lasix au dawa ya maji tu.

Kabla sijaeleza ratiba, niseme habari ya taa nyekundu, kwa sababu wengi mtauziwa. Mchuuzi mmoja mjini aliniuzia kwa elfu tatu na mia tano, akaniambia ukijimulika kifuani usiku, baada ya mwezi vidonge unaviacha polepole. Nilimpelekea daktari kliniki. Akaniambia: mwanga mwekundu na ule ulio karibu nao, ambao jicho halioni, watafiti wanaujaribu kweli, lakini kwa upande wa moyo kazi kubwa imefanywa kwenye chembe hai na panya wa maabara. Haumo katika matibabu ya moyo wangu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, usiku unalala?"

Nikamjibu: silali. Mchana nasinzia juu ya cherehani, usiku macho kodo. Akasema mwili umepoteza saa yake kwa kukaa gizani, na mtu asiyelala, mwenye moyo mzito wa huzuni, ndiye anayesahau dawa. Akaniagiza nitoke nje asubuhi. Mwanga wa asubuhi hautibu moyo, wanaoutibu ni vidonge. Mwanga unanisaidia kulala, na nikilala navimeza kwa wakati.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya. Nikiamka, choo kwanza, halafu mizani, kabla ya chai na nikiwa na leso ileile kila siku. Namba naiandika kwenye kalenda ya ukutani. Ikipanda kilo mbili ndani ya siku tatu hayo si mafuta, ni maji, na siku hiyo hiyo napiga simu kliniki. Singoji miguu ivimbe.

Dawa ya maji siimezi bado. Hapa ndipo nilipokosea wiki ya kwanza. Niliimeza nikiamka, nikatoka kuota jua, na kabla ya nusu saa nikawa nakimbia kurudi kwenye choo cha ploti, ambacho asubuhi kina foleni kama ya stejini. Sasa naenda juani kwanza. Nikirudi nakunywa uji na kumeza kavediloli, maana hiyo inataka chakula tumboni, pamoja na enalaprili na spironolaktoni. Nakaa kidogo kizunguzungu kipite, ndipo namalizia na Lasix, choo kikiwa kimeshapumua. Muulize daktari wako kama mpangilio wako unaruhusu hivyo. Usiisogeze tu hadi jioni, utaamka usiku kucha. Siku ya kliniki, foleni ya magari ya Jogoo Road ikiwa mbele yangu, nimeruhusiwa kuichelewesha hadi nifike. Kuichelewesha, si kuiruka.

Kuhusu jua lenyewe: mwanzoni nilikuwa nahema kwa ngazi kumi tu, kwa hiyo niliweka stuli kwenye geti. Dakika ishirini hadi thelathini, kuanzia kama saa moja, uso ukielekea angani bila kulikodolea jua macho, bila miwani nyeusi. Julai kukiwa na mawingu na baridi usirudi kitandani ukidhani hakuna mwanga. Wa nje siku ya mawingu bado unaishinda balbu ya chumbani mara nyingi sana. Zile taa kubwa za kujimulika asubuhi, za luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwangaza), zilitengenezewa hasa watu wa nchi za kaskazini ambao majira ya baridi jua linawachelewea. Nairobi iko karibu na ikweta, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tena bure. Elfu tatu na mia tano yangu ingenunua mizani.

Mwezi wa tatu tangu nianze, daktari aliporidhika, nilianza kupanda hadi paa, nikipumzika kila orofa. Keriteka, mtunza ploti, alikuwa akifunga mlango wa juu kwa sababu ya wezi wa nguo. Nikamwonyesha kadi ya kliniki, akanipa ufunguo wa pili. Naketi kati ya kamba za nguo nikitazama ndege zikishuka kuelekea Jomo Kenyatta.

Lakini jua la saa sita ni jingine. Nairobi iko juu, jua lake ni kali, na mtu anayetumia dawa ya maji hupungukiwa maji haraka, akiinuka dunia inazunguka. Na kuna dawa zinazofanya ngozi iungue upesi. Kubwa ni amiodaroni, ya mapigo yasiyo sawa. Mzee mmoja tunayekaa naye benchi moja kliniki aliungua uso kama aliyemwagiwa chai. Ukiwa unaitumia, vaa kofia pana na mikono mirefu, na usidhani umepona ukiiacha, kwani hukaa mwilini miezi. Dawa za presha za jamii ya thiazaidi nazo zina tabia hiyo. Uliza kemisti kabla hujaanza kuota jua.

Tukiwa bado kwa kemisti: mgongo ukiuma kwa kuinamia cherehani, usiombe Brufen wala diklofenaki. Hizo hushikilia maji mwilini na kuipiga figo. Nami nimeacha vile viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi, ni chumvi tupu.

Jioni ni kinyume cha asubuhi. Saa tatu nazima ile taa kubwa ya cherehani na simu naiweka mbali. Desemba inanishinda, sare za shule za Januari hazingoji, basi nashona mapema alfajiri badala ya usiku.

Ukishindwa kulala chali, au ukiamka usiku ukitafuta pumzi, au ukikohoa povu lenye rangi ya waridi, au kifua kikibana, au ukizimia, sahau jua na ratiba. Mpigie mwenye gari akukimbize hospitali. Mimi namba ya jirani yangu wa teksi nimeibandika mlangoni, chini ya ufunguo wa paa.