Tanuri la chokaa na hesabu ya ΔG

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa Unguja. Alipanga magogo ya mnazi, akarundika mawe ya matumbawe juu yake, akawasha. Mwaka mmoja mvua ilishuka moto haujakolea. Mawe yakatoka mazito vilevile, na kazi ya wiki nzima ikapotea. Sababu yake niliielewa kidato cha sita, na wanafunzi wangu nawaanzishia hapo hapo.

Mmenyuko ni CaCO₃ → CaO + CO₂, yaani jiwe linavunjika kuwa chokaa na hewa ukaa. Fungua jedwali nyuma ya kitabu, chukua enthalpia za kuundwa (joto linaloingia au kutoka dutu inapoundwa kutoka elementi zake), kilojuli kwa moli: jiwe −1206.9, chokaa −635.1, hewa ukaa −393.5. Mazao ukitoa kitendanishi, ΔH, yaani badiliko la enthalpia, ni +178.3: jiwe linadai joto. Kisha entropia, kipimo cha mtawanyiko, kwa juli kwa kila moli na kelvini; badiliko lake, ΔS, ni 39.8 + 213.7 − 92.9 = +160.6. Hiyo 213.7 ni ya hewa ukaa peke yake. Ukiona yabisi inazaa gesi, kisia alama chanya kabla hujagusa kikokotoo.

Sasa ΔG, badiliko la nishati huru ya Gibbs, = ΔH − TΔS, T ikiwa halijoto kwa kelvini (K); ΔG ikiwa hasi, mmenyuko unaweza kwenda wenyewe. Hapa ndipo roho huniuma kila ninaposahihisha mitihani: kijana amefanya yote sawa, halafu anachanganya kilojuli na juli. Gawa entropia kwa 1000 kwanza! Kwa 298 K, yaani 25 °C: 178.3 − 298 × 0.1606 = +130.4. Chanya, ndiyo maana kuta za matumbawe za Mji Mkongwe hazigeuki chokaa juani.

Moto kiasi gani basi? Weka ΔG sifuri: T = 178.3 ÷ 0.1606, yaani 1110 K, karibu 837 °C. Ni makadirio, maana ΔH na ΔS hubadilika kidogo na joto, na jedwali linachukulia hewa ukaa ina kanieneo (msukumo wa gesi) ya baa 1. Tanuri la wazi likipulizwa na upepo, hewa ukaa huondoka na jiwe huanza kuvunjika mapema zaidi.

ΔH hasi na ΔS chanya, usihangaike na joto: ΔG ni hasi daima. Kinyume chake, ni chanya daima.

Zikiwa hasi zote mbili, ubaridi ndio unaosaidia. Chokaa ikimwagiwa maji, ΔH ni kama −65 na entropia hupungua juli 26 hivi. Kwa 298 K, ΔG ni −57. Baba alitufukuza sisi watoto kwenye shimo kabla hajamimina ndoo ya kwanza, kwani maji yalichemka pale pale bila kuni hata moja.