Sanduku la makaratasi ya mzee: jinsi ya kulipanga bila kuliharibu

Mzee akishafariki, uvunguni linabaki sanduku la bati limejaa makaratasi na watoto wanabishana lichomwe au lisichomwe. Msichome jamani. Mimi kazi ya nyaraka ndo inaniweka mjini, nawapa ninavyofanya. Andaa penseli (biro weka mbali kabisa), daftari, bahasha, simu yenye kamera na meza kavu.

Hatua ya 1: usipange. Najua mkono unawasha uweke barua huku risiti kule, ila tulia kwanza. Piga picha sanduku lilivyo, halafu toa fungu mojamoja kuanzia juu huku unaandika nini kilikuwa na nini. Ukikuta barua ya kudaiwa ada imefungwa pamoja na risiti ya kuuza mbuzi, ujue huenda mbuzi ndo alilipa ile ada, sasa ukishazitenganisha hiyo stori haipo tena na mwenyewe wa kuulizwa hayupo.

Hatua ya 2: jua nini cha nani. Kama mzee alikuwa katibu wa chama cha ushirika utakuta vitu vyake, yaani barua, kadi ya TANU, stakabadhi za kodi, na vitu vya chama kama leja na mihutasari ya vikao. Serikali ya Tanzania ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976 kwa hiyo leja kuishia nyumbani kwa katibu wala usishangae. Fanya mafungu mawili, ila andika kwamba yametoka sanduku moja.

Hatua ya 3: usafi. Nawa mikono, ikauke. Glavu za kitambaa achana nazo kwenye karatasi, zinanasa kwenye kingo zilizochanika, zivae ukishika picha na negativu tu. Pini zenye kutu zitoe taratibu kwa kunyoosha miguu yake kwa nyuma, usivute. Raba bendi toa zote. Na sasa nisikilizeni vizuri: selotepu hapana, na lamineshen ndo hapana kabisa, ule moto na plastiki ukishashika karatasi haubanduki. Mchwa nimewaona, lakini ndugu mwenye mapenzi mema na mashine ya lamineshen namwogopa zaidi.

Hatua ya 4: tafuta tarehe. Barua haina tarehe? Geuza bahasha usome mhuri wa posta juu ya stempu, ndo maana usimruhusu mtu abandue zile stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika eti anakusanya. Barua za hati ya Kiarabu nyingi zina mwaka wa Hijria, kwa mfano 1373 inaangukia 1953 na 1954. Ukikisia, weka alama ya kuuliza pembeni.

Hatua ya 5: kila bahasha ipe namba kwa penseli kabla hujaweka kitu ndani, kisha orodhesha: namba, nani kamwandikia nani, lini, inahusu nini. Mstari mmoja unatosha.

Hatua ya 6: piga picha kwa mwanga wa dirishani bila flashi, mbele na nyuma, na jina la faili lianze na mwaka, mfano 1957_barua_003. Hifadhi sehemu mbili tofauti, simu huibiwa.

Hatua ya 7: mkitaka kuyatoa yakatunzwe kwingine, kuna ofisi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na Zanzibar kuna Nyaraka za pale Kilimani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina makaratasi ya Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo makaratasi ya mtu mmoja kupokelewa si jambo geni. Pelekeni orodha kwanza, sanduku baadaye. Mkubaliane kwa maandishi nani anaruhusiwa kusoma, na barua za talaka au magonjwa ya watu walio hai ombeni zifungwe kwa miaka mtakayopatana, na nakala ya hayo makubaliano ibaki kwenu.