SOMO: Namna ya kusoma ramani ya zamani ya milimani

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka basi. Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Anza na pembezoni: mwaka, skeli (uwiano wa ramani na ardhi), ufunguo (maana ya alama).

2. Skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Ile ya 1:63,360 ni inchi moja kwa maili. Kama ni fotokopi, pima kwa skeli ya mstari tu (ule mstari wenye vipimo uliochorwa kwenye ramani), maana mashine ikipunguza karatasi uwiano ulioandikwa haufai tena.

3. Kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja): hakikisha vimo ni kwa futi au mita. Zikibanana, mteremko ni mkali. Zikikata mto, ncha ya V huelekea mto unakotoka.

4. Kaskazini ya sumaku. Hapa tulieni. Kaskazini hii huhama, na pembe iliyochapwa kati yake na kaskazini ya ramani ni ya mwaka ule wa ramani. Mimi niliitumia ilivyo, ramani ikiwa na umri wa miaka 60. Nikatembea kilomita 6 kwenye ukungu nikiiamini dira. Nikakuta kijito kinatiririka kuelekea kulia, wakati kwenye ramani kinakwenda kushoto. Nilikuwa bonde la jirani! Kosa la nyuzi (digrii) 4 tu kwa kilomita 6 ni kama mita 420. Msichukue lile badiliko la pembe kwa mwaka lililochapwa mkalizidisha kwa miaka 60, kwani kasi yenyewe hubadilika. Tafuteni pembe ya sasa ya eneo hilo.

5. Njia na madaraja ya zamani yasiaminiwe. Vilele na mabonde, sawa.

MASWALI

Kidole: Mkuu, yangu kontua ni futi au mita?
— Hatua ya 3. Ramani unayo wewe, angalia pembezoni.

Kidole: Ungejibu tu.
— Siioni ramani yako, ndugu. Nikibahatisha, utapotea wewe.

Mwanamlima: Nimeingiza namba za mahali pa kilele, kutoka kwenye ramani, kwenye simu, nukta ikaangukia ng'ambo ya mto. Simu mbovu?
— Swali zuri sana. Simu hutumia WGS 84, mfumo wa GPS wa kutaja mahali kwa namba. Ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa umbo jingine la dunia, mfano Clarke 1880, kwa hiyo namba zile zile zinaweza kuangukia mamia ya mita pembeni. Jina la mfumo wa ramani yako liko pembezoni. Lichague kwenye programu, kisha hakiki kwa kilele kimoja na makutano ya mito.

Mwanamlima: Asante mkuu. Na mikunjo iliyochanika, nibandike selotepu?
— Usithubutu, gundi yake hugeuka njano na kula rangi. Ilaze bapa, ipige picha, safarini beba nakala.