Umeumia na kazi huwezi tena, nani anakulipa?

Mimi kazi yangu ni kufuatilia madai ya wafanyakazi hapa Tanzania, na watu wengi wanagonga mlango ambao sio, wanazungushwa mpaka wanakata tamaa. Fuata hivi.

Hatua ya 1: umeumia wapi? Kama ni kazini, au ugonjwa umeletwa na kazi yenyewe, hilo ni la WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Umeteleza bafuni kwako au ni kisukari? Huko WCF usiende. Anza na likizo ya ugonjwa, siku 126 ndani ya miezi 36, zile 63 za mwanzo mshahara kamili, zinazofuata nusu. Ikishindikana kabisa kurudi kazini ndio unaulizia pensheni ya ulemavu NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa mchango kila mwezi, na huko wataangalia umechangia miezi mingapi.

Hatua ya 2: toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi. Kuna fundi mmoja wa mbao msumeno ulimla vidole viwili, bosi akamtibia kwa hela yake mfukoni akamwambia bwana haya tuyamalize kindugu, naye akanyamaza, kuja kwangu mwaka ushapita na mwisho wa kudai ni miezi 12. Niliumia sana. Bosi awe mwema vipi, fomu ijazwe. Halafu mchango wa WCF anatoa mwajiri peke yake, ukiuona umekatwa kwenye slipu yako ya mshahara hapo unaibiwa.

Hatua ya 3: ulemavu wako ni wa aina gani? Wa muda unalipwa 70% ya mshahara, kwahiyo wa 600,000 anapata 420,000 kwa mwezi, mwisho miezi 24. Wa kudumu daktari anakupimia asilimia: 30 kushuka chini unapewa mkupuo mmoja, ikizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Sasa hapo kwenye asilimia ndio ugomvi wote ulipo, so usiende kupimwa mikono mitupu, beba eksirei na ripoti zote tangu siku ya ajali. Na kama huwezi hata kula au kuoga bila kusaidiwa, ulizia pia posho ya msaidizi, wengi hawaijui.

Hatua ya 4: una mkopo benki? Fukua mkataba wako uangalie kipengele cha bima, mara nyingi ulemavu wa kudumu umo na deni linalipwa na bima, wakati wewe bado unakatwa.