Sauti za sintesaiza za kale kutoka kwenye chipu moja, kwa aliye Mtwara au Lindi

Minimoog, sintesaiza (ala ya muziki ya umeme) ya mwaka 1970, ina osileta tatu, yaani saketi tatu zinazozalisha sauti, na utamu wake unatokana na kwamba hazilingani sawasawa. Moja ikipanda kidogo kuliko wenzake, sauti zinapishana na kuleta wimbi linalovuma polepole. Tabia hiyo unaweza kuipata mezani kwako kwa chipu ya CD40106, ambayo ndani yake mna vigeuzi sita, yaani visehemu vinavyotoa chanya vikipokea hasi, na hasi vikipokea chanya. Kila kigeuzi huwa osileta kwa rezista moja na kapasita moja tu.

Rezista, kapasita na voliumu (rezista ya kuzungusha) utazipata kwa mafundi redio wa mjini. Chipu huenda ukalazimika kuiagiza Kariakoo, ije na basi. Agiza mbili, pamoja na soketi mbili za miguu 14. Ukiletewa 74HC14 badala yake, irudishe: miguu imepangwa vilevile, ila ni ya volti 6 kwenda chini, na kwa betri ya volti 9 inaweza kuungua. Mengine ya kununua: voliumu tano za B100K, rezista nane za 10k, moja ya 100k na moja ya 470k, kapasita tano zilizoandikwa 104 na moja ya 223, kapasita za 1µF, 10µF na 470µF, dayodi ya 1N4148 (hupitisha umeme upande mmoja tu), jaki (tundu la kuchomekea waya wa sauti), na ubao wa vitundu wa kulehemia.

Anza na osileta moja, uisikie, ndipo uongeze nyingine. Mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi. Kati ya miguu hiyo miwili lehemu kapasita ya 104 karibu kabisa na chipu, na ile ya 470µF pale umeme unapoingia. Kisha toka mguu wa 4, pita rezista ya 10k, pita voliumu, urudi mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3 peleka kapasita ya 104 kwenye hasi. Sauti inatoka mguu wa 4. Ya pili inatumia miguu ya 5 na 6, ya tatu 9 na 8 (hapa 9 ndiyo ya kuingilia, wengi hukosea). Miguu ya 11 na 13 isiachwe hewani, iunge kwenye hasi. Ikielea, chipu inapata moto na kuleta kelele.

Kwa vipimo hivi voliumu inakupeleka kutoka herzi (mitikisiko kwa sekunde) 110 hivi hadi 1,200. Ukiweka kapasita kubwa mara mbili, sauti inashuka oktavo moja, yaani herzi zinapungua nusu.

Usipeleke sauti za chipu moja kwa moja kwenye amplifaya. Kila osileta ipite 10k yake, tatu zikutane mahali pamoja. Kutoka hapo pita voliumu ya tano, na upande wa pili wa voliumu peleka kapasita ya 223 kwenye hasi. Hiyo ni filta: ikifunguliwa sauti inang'aa, ikifungwa inakuwa nzito kama inatoka nyuma ya ukuta. Ni dhaifu kuliko filta ya Minimoog, ambayo inakata desibeli 24 kwa oktavo wakati hii inakata 6 tu, lakini inatosha kuondoa ukali. Mwisho pita 1µF, halafu 100k, halafu jaki, na 10k kutoka jaki kwenda hasi. Rezista hizo mbili za mwisho zinashusha sauti hadi chini ya volti moja. Bila hizo utasikia mikwaruzo mitupu, na kifaa cha kurekodia kinaweza kuharibika.

Osileta ya nne, miguu ya 1 na 2, inajengwa vilevile ila kwa kapasita ya 10µF, hasi yake ikielekea hasi ya saketi. Hiyo haisikiki kama sauti. Inapiga mara 1 hadi 12 kwa sekunde. Iunge na osileta ya kwanza kwa moja ya njia mbili. Dayodi kutoka mguu wa 3 kwenda mguu wa 2, mstari wake ukiwa upande wa 2, inaikata sauti na kuiachia, na hapo unapata mdundo. Rezista ya 470k mahali pa dayodi inaifanya sauti ipande na kushuka. Ukiweka 220k, sauti inaweza kukwama voliumu ikiwa mwisho.

Sasa sehemu inayostahili muda wako. Rekebisha osileta mbili ziwe karibu kulingana, kisha sogeza moja taratibu mpaka wimbi livume mara moja kwa sekunde mbili hivi. Ya tatu ishushe oktavo. Tumia masikio, kama mpiga ngoma anavyootesha ngozi moto na kuisikiliza mpaka ikubali. Mara nyingi osileta za chipu moja zikikaribiana sana zinashikana na wimbi linapotea, kwa kuwa zinagawana umeme uleule. Kapasita ya 104 inapunguza tatizo. Dawa yenyewe ni kuihamishia moja kwenye chipu ya pili, nayo ipewe 104 yake, na miguu ya kuingilia ya vigeuzi vyake visivyotumika uiunge kwenye hasi.

Kimya kabisa? Weka mita kwenye volti za DC, pima mguu wa 4. Osileta inayofanya kazi inaonyesha karibu nusu ya betri. Ikionyesha sifuri au 9 kamili, imekwama: angalia lehemu ya mguu wa 3 kwanza.

Betri ya pikipiki au ya sola ya volti 12 inafaa. Usichukue umeme kwenye paneli yenyewe, maana paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hata 21 juani, na chipu hii mwisho wake ni 18. Ukirekodi kwa simu iliyo kwenye chaji, mvumo wa herzi 50 unaweza kuingia, chomoa.

Mikindani, Kilwa na pwani yote, chumvi ya hewani inakula miguu ya shaba na kukwaruza voliumu. Lehemu kila kitu, usiache kwenye ubao wa majaribio. Ukimaliza safisha, paka vanishi upande wa lehemu, na tunza chombo kwenye kopo lenye mfuniko, hasa mvua zikianza Novemba. Walioko Newala juu watasumbuka kidogo zaidi na vumbi kuliko chumvi.

Rekodi vipande vifupi vya sekunde 30, kwa sababu betri ikishuka sauti nayo inahama. Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki wa Misri, kule Cairo mwaka 1944, alirekodi sauti kwenye waya kisha akazigeuza studioni. Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, fanya vivyo hivyo: punguza kasi nusu, geuza kipande kianzie mwisho, kisha kiweke chini ya kile cha kwanza bila kukilinganisha.