Kusaka kosa la fomula kwenye shiti ya malipo ya korosho

Mnada ukishapita na bei ikajulikana, karani wa chama cha msingi cha ushirika hapumui. Wakulima wanauliza hela inaingia lini, mwenyekiti anapiga simu, na shiti ya Excel imejaa alama ya kosa #VALUE! juu hadi chini. Haya nawaandikia makarani wenzangu wa Tandahimba, Newala na Masasi, na wale wa Ruangwa na Nachingwea wanaohangaika na ufuta. Katika mifano yangu kolamu A ni namba ya mkulima, B jina, C kilo, D malipo kabla ya makato. Bei iko seli G1, na tuseme ni shilingi 3,000.

Hatua ya 1: Tengeneza nakala, kisha panda juu

Hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine ndipo uguse kitu. Halafu achana na kosa linaloonekana kwenye jumla kule chini. Seli moja ikiharibika, kila fomula inayoisoma inaharibika nayo, kwa hiyo panda mpaka kwenye seli ya kwanza yenye kosa. Simama hapo ubonyeze F2 (kwenye laptopu nyingine ni Fn na F2 pamoja). Excel itazizungushia rangi seli zote ambazo fomula hiyo inazisoma. Mara nyingi kosa utaliona hapo hapo.

Hatua ya 2: #VALUE! kwenye kilo

Aliyekuwa kwenye mizani ameandika 312kg ndani ya C14. Wewe unasoma kilo, Excel inasoma maneno, na =C14*$G$1 (kilo mara bei) inagoma. Kugoma huko ni afadhali. Tazama fomula ya jumla, =SUM(C2:C60): yenyewe hailalamiki, inairuka C14 na kukupa jumla iliyopungua kilo 312, yaani shilingi 936,000 kwa bei yetu.

Chagua kolamu C, bonyeza Ctrl+H, tafuta kg, sehemu ya kubadilishia iache tupu, kisha badilisha zote. Baada ya hapo andika =ISNUMBER(C2) kwenye kolamu ya pembeni na uiburute mpaka chini. Kila penye FALSE bado pana maneno, au ni seli tupu.

Kuna namba nyingine zimehifadhiwa kama maneno ingawa hazina herufi hata moja. Zina kipembetatu cha kijani kwenye kona. Hizi ni mbaya zaidi, maana ukizidisha na bei zinakubali, malipo ya mkulima yanatoka sawasawa, ila SUM ya kilo haizihesabu. Bofya alama ya tahadhari inayotokea pembeni, uchague Convert to Number.

Hatua ya 3: Funga bei

Ukiandika =C2*G1 ukaburuta, mstari unaofuata unakuwa =C3*G2, halafu =C4*G3. Mkulima wa kwanza analipwa vizuri, waliobaki wanapata sifuri, au #VALUE! kama G2 ina maandishi. Rudi D2, bonyeza F2, weka kishale kwenye G1, bonyeza F4. Itakuwa $G$1. Buruta upya.

Hatua ya 4: Namba za akaunti

Hapa usiwe na haraka. Wengi tunavuta akaunti za benki kutoka shiti ya wanachama hivi:

=VLOOKUP(A2,Wanachama!A:D,4,FALSE)

Ikitoka #N/A, namba ya mkulima haikupatikana. Ama ina nafasi iliyojificha mwishoni, ambayo fomula ya TRIM huiondoa, ama upande mmoja ni 0045 na upande mwingine Excel imekula sifuri za mbele ikabaki 45. Mimi kolamu ya namba za wanachama naiweka kwenye muundo wa Text pande zote mbili kabla ya kuandika chochote.

Ile FALSE usiiache kamwe. Ukiiacha, Excel inachukulia kwamba orodha imepangwa kwa mfuatano, na namba ikikosekana inachukua namba ndogo iliyo karibu nayo zaidi. Akaunti itatokea, imetulia, haina alama yoyote ya kosa, na ni ya mtu mwingine.

Atatokea mtu wa kukushauri uizungushie fomula IFERROR ili itoe 0 badala ya kosa. Kwenye ripoti ya kubandika ukutani, sawa. Kwenye shiti ya malipo nakataa: #N/A inakulazimisha umtafute huyo mkulima, sifuri inapita na orodha hadi benki.

Hatua ya 5: Yaliyobaki

#REF! maana yake umefuta kolamu au mstari ambao fomula ilikuwa inausoma. Ctrl+Z mara moja, au rudi kwenye nakala. #DIV/0! umegawa kwa sifuri au seli tupu, kama unapotafuta wastani wa malipo kwa kilo wa mkulima ambaye hajaleta mzigo: =IF(C5=0,0,D5/C5). #NAME? Excel haijalitambua neno, na =JUMLA(C2:C60) haiwezi kulitambua. Fomula zilizonakiliwa kutoka WhatsApp nazo huja na alama za kunukuu zilizopinda. Zifute uziandike upya. ##### mara nyingi si kosa, kolamu ni nyembamba tu.

Hatua ya 6: Kabla ya kutuma

Linganisha jumla ya C na daftari la mizani. Kisha zidisha jumla hiyo na bei kwenye kikokotoo cha simu, uone kama inafika jumla ya D. Kilo zikipungua, chukua tofauti yenyewe uitafute kwa Ctrl+F. Mara nyingi utaikuta kwa mkulima mmoja. Usipoikuta, angalia fomula ya jumla inaishia mstari wa ngapi. Waliochelewa kuleta mzigo huongezwa mstari wa 61, 62, 63, na SUM bado inaishia C60.